Uchambuzi wa kisa: Neno "aliuzwa" lilivyokaribia kukivunja kijiwe cha kikapu

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam mwaka 2025. Majina ya watu, mtaa na alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu nimeziondoa. Wahusika wakuu nawaita Kocha, Mwanachuo na Fundi. Wachezaji na timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, nimewataja kwa majina yao, maana habari zao ni za hadharani na bila hizo kisa hakieleweki. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza mazungumzo, na sehemu ya makosa yaliyofanyika ni yangu. Nakiandika kwa ajili ya yeyote anayekaa na wenzake kubishana kuhusu ligi ile, hasa palipo na wazee na watoto kwenye benchi moja.

Usuli

Kijiwe chetu kiko kando ya kiwanja cha kikapu cha saruji. Makao ni banda la fundi simu: benchi mbili, kiti kimoja cha plastiki ambacho kila mtu anajua ni cha nani, na muuza kahawa anayepita jioni na birika lake. Tunafika watu kumi na tano, siku nyingine ishirini.

Mechi za NBA zinachezwa sisi tukiwa usingizini. Mechi ya saa moja na nusu jioni kule pwani ya mashariki ya Marekani, katika majira yao ya baridi, huku ni saa tisa na nusu usiku. Wanaoamka kuangalia ni wachache. Wengi tunaamkia habari: nani kashinda, nani kaumia, nani kahamishwa. Ndiyo maana hapa kijiweni mijadala ya mabadilishano ya wachezaji ni mingi kuliko mijadala ya mchezo wenyewe. Habari inasomeka kwenye daladala. Mechi inataka bando na usiku mzima.

Kocha ni mzee wa miaka sitini na kitu. Kila Jumamosi asubuhi anafundisha watoto bure, kwa mipira minne aliyoinunua mwenyewe. Akifika, shikamoo zinamtangulia na kiti cha plastiki kinafutwa vumbi. Mwanachuo ana miaka ishirini na miwili, ana kumbukumbu ya namba isiyo ya kawaida, na anaipenda ligi ile kwa dhati. Fundi ndiye mwenye banda, mtu wa maneno machache.

Kuna mambo mawili ya nyuma ambayo msomaji lazima awe nayo.

La kwanza ni lugha. Wengi wetu tumelelewa na soka. Tunaujua usajili: Simba au Yanga inamtaka mtu, klabu yake inalipwa, yeye anakubaliana maslahi, anapigwa picha na jezi. Mchezaji akiondoka, ama ameuzwa, ama ametemwa. Maneno hayo tumeyahamishia kwenye kikapu bila kuyapima. NBA haiendi hivyo. Kule timu zinabadilishana mikataba. Mchezaji anahama na mkataba wake kama ulivyo, mshahara uleule, na kwa kawaida hakuna anayemwomba ridhaa. Wenye kipengele cha kuzuia kuhamishwa ni wa kuhesabu. Kwa timu iliyovuka ukomo wa mishahara, fedha zinazotoka na zinazoingia lazima zikaribiane. Ndiyo maana utaona nyota anaondoka pamoja na watu wawili ambao hakuna aliyewaulizia: wamewekwa ili mizani ikae. Juu ya mizani huongezwa haki za miaka ijayo za kuchagua chipukizi katika drafti, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu.

La pili ni jina la Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa tayari kijana mkubwa, akafika Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Msimu wake wa tatu pale alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na bloku (mitupo iliyozuiwa) 4.2 kwa mechi, na timu yake ikafika nusu fainali ya vyuo ya taifa. Tarehe 25 Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika drafti nzima. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Aliyechaguliwa wa tatu ni James Harden. Wa saba ni Stephen Curry.

Kocha alikata picha ya Thabeet gazetini siku zile na kuibandika kwa gundi ndani ya kifuniko cha begi lake la mipira. Ipo hadi leo, imegeuka manjano. Kila mtoto aliyepita mikononi mwake ameiona akienda kuchukua mpira. Mwanachuo hakuwahi kufundishwa na Kocha, kwa hiyo hakuwahi kuiona.

Kilichotokea

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, saa mbili na dakika chache asubuhi, simu zililia karibu zote kwa pamoja kwa habari ya mwandishi mmoja wa Marekani. Dallas Mavericks walikuwa wamempeleka Luka Dončić kwa Los Angeles Lakers na kumpokea Anthony Davis. Dončić alikuwa na miaka 25, na Juni iliyotangulia alikuwa ameifikisha Dallas fainali, wakafungwa na Boston mechi nne kwa moja. Mchezaji wa namna hiyo, katika umri ule, haachiwi.

Fundi alisema, "Huyo mwandishi kadukuliwa." Hata Marekani kwenyewe wengi walidhani hivyo. Tulichofanya saa ile kilikuwa sahihi: tulikubaliana kutoisambaza mpaka timu zenyewe ziseme. Zikathibitisha siku hiyohiyo. Maxi Kleber na Markieff Morris walikwenda Los Angeles na Dončić. Max Christie alikwenda Dallas na Davis, pamoja na haki ya Lakers ya kuchagua katika duru ya kwanza ya drafti ya mwaka 2029. Utah Jazz wakaingia kama timu ya tatu, wakapokea Jalen Hood-Schifino na haki mbili za duru ya pili.

Jioni kijiwe kilifurika. Kocha alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha kahawa mkononi. Mwanachuo, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa, akasema: "Tangu Memphis wamchukue Thabeet mbele ya Harden na Curry, sijaona ujinga wa namna hii. Na yule walipomchoka, wakamuuza."

Watu wakacheka. Kocha hakucheka. "Wakamuuza? Mtu anauzwa kama mbuzi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusimamisha mazungumzo. Badala yake nilitoa simu, nikamsomea Kocha takwimu za msimu wa kwanza wa Thabeet Memphis: mechi 68, dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1, rebaundi 3.6. Nilidhani namba zingetuliza. Nikaongeza kwamba Februari 2010 alishushwa ligi ya maendeleo, mchezaji wa nafasi ya juu kuliko wote waliowahi kushushwa huko hadi wakati ule. Kicheko kikarudi, safari hii nyuma yangu.

Kocha aliweka kikombe juu ya benchi, nusu ya kahawa ikiwa bado imo. Akachukua begi lake. "Vijana, kwaherini."

Jumamosi iliyofuata watoto kama kumi na wawili walikuja uwanjani saa moja asubuhi. Hapakuwa na Kocha wala mpira. Walikaa ukingoni mwa saruji hadi jua likawa kali, kisha wakatawanyika. Jumamosi ya pili walikuja watano.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya kuwaona wale watoto watano tulikaa watu wanne kutafuta la kufanya. Yalitolewa mapendekezo mawili ambayo tuliyakataa. Moja, kupiga marufuku jina la Thabeet kijiweni. Tulilikataa kwa sababu yeye ni sehemu ya historia yetu kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi ile, na jambo likizuiwa mdomoni linabaki moyoni. La pili, kupiga kura kama chaguo la Memphis lilikuwa baya au la. Kura ingekuwa ni kumshinda mzee kwa wingi wa mikono, na tayari alikuwa ameshindwa kwa wingi wa vicheko.

Tuliamua kwanza kumwendea nyumbani. Fundi ndiye aliyesema, "Mzee haitwi kwa simu." Tulikwenda wawili, yeye na mimi, tukamwacha Mwanachuo makusudi ili ziara isigeuke kuwa mjadala wa pili. Niliomba radhi kwa kosa langu tu, la kusoma namba mbele ya watu waliokuwa wanacheka. Kocha alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo lilibadilisha mpango wetu wote: "Mimi sikatai takwimu, mwanangu. Nakataa kuchekwa." Siku mbili baadaye Mwanachuo alikwenda mwenyewe, peke yake. Aliniambia tu kwamba alipewa chai.

Kisha tukaandaa kikao, Jumamosi ya tarehe 22 Februari, wiki moja kabla ya Ramadhani, saa kumi jioni jua likianza kupoa. Tuliweka taratibu chache. Maswali yatakuwa mawili na hayatachanganywa: je, Memphis walikosea kumchagua Juni 2009? Na je, walikosea kumhamisha Februari 2011? Neno "aliuzwa" litawekwa kando kwa siku hiyo. Na kila hoja itaandikwa kwenye kadibodi yenye safu mbili: kushoto, yaliyojulikana kabla ya tarehe 25 Juni 2009, kulia, yaliyojulikana baadaye. Kadibodi ilikuwa boksi la friji, Fundi alilipasua kwa kisu cha kukatia nyaya.

Sababu ya safu mbili ni hii. Anayeamua leo hana kesho mkononi. Mashabiki tunamhukumu kwa kesho yake, kisha tunajiona werevu kuliko yeye.

Tulipanga pia wabadilishane pande: Mwanachuo awatetee Memphis, Kocha awashitaki. Kocha alikataa. "Siwezi kusimama kumshitaki kijana wa watu kwa mchezo." Hapohapo tukambadilishia: aeleze mbele ya wote mchezaji mrefu aliyechelewa kuanza anahitaji nini ili akue.

Kikao chenyewe

Hoja ya kwanza ilikuwa ya Curry, na ilikwenda kushoto haraka mno. Kijana mmoja alisema, "Kila mtu alijua Curry ni hatari." Mwanachuo, aliyekuwa upande wa Memphis sasa, akamsimamisha. Kama kila mtu alijua, kwa nini timu tano zilimpita? Minnesota walikuwa na nafasi ya tano na ya sita, mfululizo, wakachukua wachezesha timu wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, wakamwacha mchezesha timu wa tatu ambaye ndiye Curry. Na hata msimu wa 2011/12 alicheza mechi 26 tu kwa sababu ya kifundo cha mguu. Ubingwa wake wote ulikuja baadaye, kwa hiyo hoja ikahamishwa kulia. Nilimtazama Mwanachuo akiandika kwa kalamu nene kinyume cha maneno yake mwenyewe ya tarehe 2, na sikuona kama alikuwa anaigiza.

Harden alichukua muda zaidi. Memphis walikuwa tayari na Mike Conley, waliyemchukua wa nne mwaka 2007, na O.J. Mayo, aliyekuwa ametoka kucheza msimu wake wa kwanza, na Rudy Gay pembeni. Ukiangalia kikosi kile, kilichoonekana kupungua ni urefu na ulinzi wa karibu na kikapu. Mzee mwingine wa kijiweni akakumbusha Portland ya mwaka 1984: walikuwa na Clyde Drexler waliyemchagua mwaka mmoja kabla, wakaona hawahitaji mtu wa pembeni, wakamchukua senta, yaani mchezaji mrefu wa karibu na kikapu, Sam Bowie, wa pili. Wa tatu akawa Michael Jordan. Na Detroit mwaka 2003 walimchukua Darko Miličić wa pili, wakawapita Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade, kisha mwaka uliofuata wakatwaa ubingwa wakiwa karibu hawamtumii kabisa. Chaguo bovu na timu nzuri vinaweza kukaa nyumba moja. Sikuwahi kuliwaza hilo kabla ya siku ile.

Mpaka hapo Memphis walikuwa wanaelekea kushinda kesi. Kilichowageuza ni jina ambalo mtu aliliandika kulia akidhani ni la baadaye: Marc Gasol. Fundi, ambaye hakuwa amesema neno, akauliza Gasol alianza lini. Tukakagua. Haki zake zilikuja Memphis Februari 2008, katika mabadilishano yaliyompeleka kaka yake Pau kwa Lakers, mabadilishano ambayo wakati ule yalichekwa dunia nzima. Msimu wa 2008/09 Marc alicheza Memphis kama senta, akawa na wastani wa pointi 11.9 na rebaundi 7.4. Yaani kabla ya Juni 2009. Jina likafutwa kulia, likaandikwa kushoto kwa herufi kubwa. Memphis walikuwa na senta kijana, aliyekwishaonyesha uwezo, na bado wakatumia nafasi ya pili kuchukua senta mwingine aliyehitaji dakika nyingi ili akomae. Dakika hizo zingetoka wapi?

Pakawa kimya. Kisha Kocha mwenyewe akasema, "Andikeni na ile ya Pittsburgh." Hakuna aliyetegemea itoke kwake. Tarehe 16 Februari 2009, siku ya kuzaliwa ya Thabeet, Connecticut walifungwa na Pittsburgh 76 kwa 68. DeJuan Blair, mfupi kwake kwa sentimita ishirini hivi, alipata pointi 22 na rebaundi 23; Thabeet pointi 5 na rebaundi 4. Katika purukushani moja Blair alimnasa mkono akambwaga chini kwa kumpitisha begani.

Kocha aliinuka. Akamwita kijana wa miaka kumi na minne, mrefu kuliko yeye, akamsimamisha chini ya kikapu wima, magoti yamenyooka. Akamsukuma kwa nyonga moja, bila nguvu. Kijana akaenda hatua tatu. "Sasa panua miguu. Zaidi. Kaa kama unakaa kwenye kigoda. Mgongo usiiname." Akamsukuma tena, kwa bega, na mzee wa watu akarudi nyuma yeye. "Urefu unazaliwa nao. Hii miguu unafundishwa, na inafundishwa kuanzia miaka minane. Yule hakufundishwa kwa sababu alikuwa hajaanza. Anayeanza mkubwa anataka miaka mitatu minne ya mtu mmoja kukaa naye kila siku. Yeye alipata dakika kumi na tatu, akashushwa, akahamishwa. Kuanzia Juni 2009 mpaka Machi 2012 timu tatu: Memphis, Houston, Portland."

Akaomba kalamu, akaandika neno moja kushoto, chini kabisa: miguu.

Swali la pili lilikwenda kwa haraka, kwa sababu hesabu zake zilikuwa wazi. Tarehe 15 Februari 2011 Rudy Gay aliumia bega. Tarehe 24, siku ya mwisho ya mabadilishano, Memphis walimtoa Thabeet, DeMarre Carroll na haki ya duru ya kwanza, wakamchukua Shane Battier na Ish Smith kutoka Houston. Mshahara wa mtu aliyechaguliwa wa pili, uliopangwa kwa jedwali la mishahara la ligi, ulikuwa mkubwa kiasi cha kusaidia kubeba mkataba wa mkongwe upande wa pili wa mizani. Aprili 17, mechi ya kwanza ya mchujo dhidi ya San Antonio waliokuwa wa kwanza katika kanda ya Magharibi ya ligi, Battier alitupa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 23.9, Memphis wakaenda 99 kwa 98, wakashinda 101 kwa 98. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mchujo katika historia ya timu hiyo, baada ya kupoteza mechi kumi na mbili. Wakaitoa San Antonio mechi nne kwa mbili.

Kwa hiyo hukumu zikawa mbili, na hazikufanana. Uchaguzi wa 2009 ulikuwa na kasoro hata kwa macho ya siku ile, kwa sababu ya Gasol na kwa sababu ya miguu. Si kwa sababu ya Curry. Mabadilishano ya 2011 yalikuwa mazuri kwa Memphis, na sababu yake ilikuwa jeraha la mtu wa pembeni na tarehe ya mwisho, si dharau. Kocha alizikubali zote mbili. Kwa kijiwe chetu hilo halikuwa jambo dogo.

Matokeo

Mazoezi ya watoto yalirudi Jumamosi iliyofuata, na Ramadhani ilipoingia tukayapanga upya kulingana na saumu. Mwanachuo sasa huenda kumsaidia Kocha kuhesabu mitupo kwenye daftari. Yule kijana wa miaka kumi na minne anafanya mazoezi ya kukaa kigodani kila wiki, akilalamika mapaja.

Kadibodi ilitundikwa bandani, na hapo ikaendelea kufanya kazi ambayo hatukuipangia. Davis aliumia katika mechi yake ya kwanza na Dallas tarehe 8 Februari, akiwa na pointi 26, rebaundi 16 na pasi 7 za kufungisha. Tulibishana hilo liandikwe safu gani kwenye boksi jipya la Dallas, tukaligawa: kwamba Davis huumia mara kwa mara, kushoto, kwamba angeumia siku ileile, kulia. Machi 3 Kyrie Irving akapasuka kano ya goti, kulia. Kisha Mei 12 Dallas, wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu, wakashinda bahati nasibu ya kupanga nani achague wa kwanza kwenye drafti. Tarehe 25 Juni 2025, miaka kumi na sita kamili tangu usiku wa Thabeet, wakamchagua Cooper Flagg wa kwanza. Mtu mmoja akashangilia kwamba meneja mkuu Nico Harrison alijua alichokuwa anafanya. Fundi, bila kuacha kulehemu, akanyoosha bisibisi kuelekea safu ya kulia. Novemba Harrison alifukuzwa kazi, timu ikiwa imeshinda mechi tatu na kupoteza nane, na kijana aliyetaka kuandika hilo kushoto kama ushahidi alizuiwa kwa sababu ileile.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kutangulia nyumbani kwa Kocha kabla ya kutafuta nani yuko sahihi. Kama tungeanza na kadibodi, Kocha angekuja kama mshitakiwa, au asingekuja. Na Pittsburgh tusingeipata, maana hoja nzito kuliko zote dhidi ya upande wake aliitoa yeye mwenyewe, pale alipokuwa na hakika kwamba hakuna atakayeitumia kumcheka kijana.

Kuondoa neno "aliuzwa" kulisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilidhani ni adabu tu. Kumbe neno lile lilikuwa linaficha maswali. Ukisema "wamemuuza", umeshamaliza: walimchoka, wakapata fedha. Ukisema "wamembadilisha", lazima uulize kwa nani, na nini juu yake, na mizani ilikaaje, na kwa nini wiki ile. Jeraha la Rudy Gay lisingetokea mdomoni mwa mtu yeyote chini ya neno la kwanza. Baada ya miezi miwili neno lilirudi kijiweni, mazoea ni mazoea, lakini sasa kuna anayelidaka.

Safu mbili zina udhaifu wake, na anayetaka kuzitumia aujue. Kumbukumbu inadanganya: watu huandika kushoto vitu ambavyo walivijua baadaye, wakiapa kwamba walivijua zamani. Dawa ni kudai tarehe. Gasol aliwekwa kulia kimakosa na Curry kushoto kimakosa, na makosa yote mawili yalikuwa ya watu wanaoijua ligi vizuri.

Yaliyoshindikana ni mengi kidogo. Kusoma kwangu takwimu siku ya kwanza kulikuwa kosa la wakati, si la taarifa. Namba zilezile zilikubalika tarehe 22. Wazo la kubadilishana pande lilimfaa Mwanachuo na halikumfaa Kocha, na ningemuuliza kabla badala ya kumshtukiza. Tulijaribu pia swali la tatu, kama Thabeet angekua vizuri zaidi katika timu nyingine, hasa tukikumbuka kwamba mwaka 2012 alifika Oklahoma City na kucheza mechi 66 msimu ule, akiwa amekuta wiki chache za maandalizi pamoja na Harden kabla Harden naye hajabadilishwa kwenda Houston. Swali hilo halina safu. Lilipiga kelele nusu saa na kutuchosha, na ilibidi nilifunge mapema.

Na mtu mmoja alituacha. Yule kijana aliyesema kila mtu alijua Curry ni hatari alisahihishwa mara mbili mbele ya watu, na watoto wakiwepo, na sikuona uso wake kwa sababu nilikuwa naangalia kadibodi. Nilimlinda Kocha asichekwe, na yeye nikamsahau. Akipita anasalimia vizuri lakini hakai. Nimekwenda kwake mara mbili, mara ya pili nikiwa na Mwanachuo. Anasema atakuja.